Kengele ya Beberu na Lori la Nyuma

Mwaka nilioanza kukimbia nilikuwa na miaka thelathini na sita, mwili wa mwanamke anayekaa kutwa nyuma ya taipureta, na hasira za karibu. Hasira hizo ndizo zilizonikimbiza. Watu wengine huanza kwa ajili ya afya. Mimi nilianza kwa sababu ya lori.

Ilikuwa Lodwar, katikati ya miaka ya tisini. Wafanyakazi wa ofisi za mji walipangiwa mbio za kilomita kumi, na mkuu wetu, mtu aliyependa mzaha hasa ukiwa juu ya wengine, akaniandikisha bila kuniuliza. Sikukataa. Nilidhani kukimbia ni kutembea kwa haraka tu, na kutembea nilikujua tangu utotoni. Nyuma ya wakimbiaji waliweka lori lenye pipa la maji, la kuwaokota watakaoshindwa. Sheria ilikuwa moja: ukishika ubao wa lori, umetoka. Sijafika hata daraja la mto Turkwel, nilikuwa nimeushika kwa mikono miwili.

Kumbe lori halirudi mapema. Ililibidi liwafuate wengine hadi mwisho, taratibu, kupitia katikati ya mji, nami nimekaa juu peke yangu kando ya pipa. Mama yangu alikuwa kando ya barabara na wenzake, wakiuza vikapu vyao vya miyaa. Aliniona. Akainamisha kichwa akaendelea kusuka. Jioni nilipofika kwake alinimiminia chai, kisha akasema, "Afadhali walikupa mahali pa kukaa."

Maneno hayo yaliniuma kuliko miguu. Kesho yake ofisini nilikuta nimeshabandikwa jina, Mzigo, na kila asubuhi mkuu akiingia aliuliza kama Mzigo umefika. Nilicheka pamoja nao, maana ukinuna unazidishiwa. Lakini siku moja nilijifungia chooni nikalia, na nilipomaliza kunawa uso nikaapa mbele ya ndoo ya maji: mwaka ujao nitamaliza kwa miguu yangu mwenyewe, hata nikiwa wa mwisho, hata wakiwa wote wamekwenda kulala.

Miezi miwili baadaye nikahamishiwa Kakuma, kwenye ofisi ndogo karibu na kambi ya wakimbizi. Wenzangu walinipa pole. Mimi nilifurahi, kwa sababu huko hakuna aliyenijua, na mbio za mwaka uliofuata zilikuwa zifanyike huko huko. Nilinunua raba sokoni, nikangoja alfajiri, nikakimbia kutoka mlangoni hadi mti wa kwanza. Nikatapika. Siku iliyofuata nikafika mti wa pili. Wiki ya tatu, nilipoanza kujiona mtu, mwiba wa mti wa mathenge ulipenya soli ukaingia mguuni, mguu ukavimba, nikachechemea karibu mwezi mzima huku nikiwaambia watu nimekanyaga msumari. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilipopona nilirudi kwenye mti wa kwanza, na safari hii sikutapika.

Kwa kuogopa miiba nikabadilisha njia. Nikaamua kupita kando ya laga, ule mto mkavu, ambako mchanga ni safi na kuna maboma ya wafugaji. Sababu ilikuwa nzuri, akili ndiyo haikuwapo.

Asubuhi hiyo kulikuwa kumepambazuka kidogo tu. Nilipita mbio karibu na mwanamke aliyebeba jerikeni kichwani, nikamsalimu, ejok, bila kusimama. Akalitupa jerikeni chini akaanza kukimbia nyuma yangu. Nilifurahi ajabu. Nilidhani nimepata mwenzangu wa mazoezi, nikaongeza mwendo ili anione. Kugeuka, wako watatu. Kugeuka tena, ni wanawake kumi na zaidi wenye watoto mgongoni, na mbuzi wametawanyika huku na huku, na mtu anapiga yowe, "Ngimoe! Ngimoe!" Hilo ni neno letu la maadui, na kwetu maadui huja alfajiri kuchukua mifugo. Nilikimbia siku hiyo kama sijawahi kukimbia, mbele ya wote, hadi kwenye kambi ya chifu.

Wanaume walikuwa wameshatoka na bunduki. Chifu akauliza nani aliyewaona maadui. Mwanamke mmoja akasema hakuwaona, alimwona jirani yake akikimbia. Jirani naye alimwona mwingine. Kidole kilikwenda kutoka mtu hadi mtu, taratibu, hadi kwa yule wa jerikeni, naye akanielekezea mimi. Nami, kwa aibu ninayoisikia hadi leo, nikasema niliwaona wao wakikimbia.

Kisha wakaniuliza kwanza nilikuwa nakimbilia wapi, nikasema popote, nafanya mazoezi. Mimi mwana wa Lodwar, Mturkana mtoto wa Waturkana, nilikuwa nimekaa ofisini hadi nikasahau jambo ambalo kila mtoto wa boma analijua: kwetu mtu mzima hakimbii bure.

Yule wa jerikeni alikuwa mwanamke mzee mkali, shingo imejaa shanga hadi kidevuni, na mbuzi wake wawili walikuwa hawajaonekana. Alinitukana vya kutosha, nami nikastahili. Chifu alitaka kunipiga marufuku kabisa. Niliona mwaka wangu unakwisha pale pale, nikawaeleza habari ya lori, ya ubao, na ya mama yangu. Wanaume walicheka. Yule mama wa jerikeni hakucheka. Aliniuliza mara mbili kama kweli mama aliona. Kisha akazungumza kwa Kiswahili, ili hata askari wa chifu wasikie.

"Mtu anatoroka adui, anaweza kuvaa kengele? Hapana. Huyu avae kengele. Tukisikia, tutajua ni ule mjinga."

Ikawa ndiyo hukumu. Kengele yenyewe ilikuwa ya beberu wake, yule aliyeongoza kundi, kipande cha chuma kilichofuliwa na kutiwa ukanda wa ngozi. Kila alfajiri nilikwenda bomani kwake kuichukua, na ilinipasa kuirudisha kabla ya mbuzi kwenda malishoni, kwa sababu bila kengele hawakujua wamfuate nani. Nikichelewa nilimkuta amesimama mlangoni na fimbo. Sijawahi kuwa na saa iliyonitia adabu kama yule mama.

Kuhusu kufanya mazoezi kwa siri, hiyo ilikwisha. Kakuma nzima ilinisikia. Wenye maduka walinisalimu kwa mlio wa mbuzi, na upande wa kambi watu walitoka nje na miswaki mdomoni kuniangalia. Mtu mmoja tu hakunicheka. Alikuwa mkalimani wa ofisi yetu, Mkristo kutoka kusini mwa Sudan, mrefu hata akiingia mlangoni huinama, ambaye alifika Kenya baada ya kutembea kwa miezi. Asubuhi moja alinikuta nimekaa juu ya jiwe nikihema, nikiwa nimeshindwa kupita kilomita nne kwa mara ya tano au ya sita. Nilimwambia naacha. Akainama akaigusa kengele kwa kidole.

"Mama, mimi nasikia wewe kutoka mbali," alisema. "Hii kengele inalia kama mbuzi anakimbia fisi. Fanya ilie kama mbuzi anaenda kula majani. Sisi kwa njia, wale walikimbia mbele, tulipita wao wamekaa chini."

Kutangulia si kufika, ndivyo tunavyosema, lakini mimi nilikuwa nimeisema tu, sijawahi kuitumia. Kesho yake sikufuata miguu wala pumzi, nilifuata kengele. Ikipayuka, napunguza. Ikilia ko, ko, ko, kwa utulivu, naendelea. Wiki hiyo nilifika kilomita tano. Kisha laga ikajaa maji ya mvua iliyonyesha mbali, nikakaa siku tisa bila njia. Kisha malaria ikanilaza. Kila mara nilianza tena nyuma ya nilipoachia, na kila mara kengele ilikuwa inaningoja. Mwezi mmoja kabla ya mbio nilimaliza kilomita tisa. Nililia njiani, na yule mama alipoona macho yangu akadhani nimeumia, akaniletea maziwa kwenye kibuyu huku akinitukana.

Siku ya mbio mkuu alikuja kutoka Lodwar na lori. Lilikuwa lile lile, na pipa lile lile. "Mzigo," akaniita mbele ya watu, "nimekuletea gari lako." Kisha akaiona kengele kiunoni mwangu na uso ukabadilika. Akasema kuna wageni, hapa si mnada wa mbuzi, niivue au nisikimbie. Nilitazama huku na huku, nikaona watu wanacheka, aibu ikanishika. Boma la yule mama halikuwa mbali na uwanja. Nilikimbia kumrudishia. Aliipokea, akaifunga shingoni mwa beberu. Mbuzi wake walikuwa bado hawajatoka, maana barabara ilijaa watu.

Nilianza mbio nikiwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniponza. Sikuwa na kitu cha kusikiliza isipokuwa kicheko cha mkuu. Niliwapita watu ishirini kabla ya kufika kambini, nikajisifu moyoni. Tulipozunguka mwisho wa kambi wote ishirini walikuwa wamenipita, na wengine juu yao. Jua likapanda. Kilomita ya saba nilikuwa peke yangu barabarani, na nyuma nikasikia injini.

Lori lilikuja hadi ubavuni mwangu. Maji yalikuwa yanachezacheza ndani ya pipa. Mkuu alitoa kichwa dirishani, na sasa hakuwa anacheka, alinionea huruma, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Panda tu, mama," alisema. "Hakuna mtu atasema kitu." Ubao ulikuwa shubiri moja kutoka mkononi mwangu. Nataka kusema niliukataa kwa ushujaa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaunyoosha mkono.

Wakati huo tulikuwa tunafika karibu na maboma. Wanawake walikuwa wameanza kusimama na kuwainua watoto, maana waliona mtu anakimbia kimya na lori nyuma yake. Yule mama akatoka katikati yao akiwa na kengele mkononi na fimbo kwa mkono mwingine. Akalipiga lori fimbo ubavuni, likasimama. Akanifunga ukanda kiunoni kama anayemfunga mbuzi mkaidi.

"Kwa nini unakimbia kimya?" akasema. "Unaogopesha watu. Kimbia na kengele, mama yako asikie."

Mama yangu alikuwa Lodwar, mbali kiasi cha kilomita mia na zaidi. Lakini nilirudisha mkono wangu. Hatua za kwanza kengele ilipayuka ovyo. Nikapunguza hadi nikawa karibu natembea. Ko, ko, ko. Nikasikia pumzi yangu inarudi mahali pake, na nikajua, kabla sijauona uwanja, kwamba nitafika.

Kisha nikasikia kwato. Beberu alikuwa amebaki bila kengele, na kundi lake halikuwa na sababu ya kumfuata. Lilifuata kengele. Mbuzi wote wa yule mama waliingia barabarani nyuma yangu, na nyuma ya mbuzi wale wanawake na watoto wao, wale wale waliokimbia nyuma yangu asubuhi ile, sasa wakikimbia nami na kupiga vigelegele. Lori likapiga honi. Mbuzi wa Turkana hawaijui honi.

Uwanjani walikuwa wameanza kukunja kamba ya mwisho. Mkalimani aliniambia baadaye kwamba kengele ilisikika kabla sijaonekana, naye akawashika mkono vijana waliokuwa wakiikunja kamba, akawaambia wangoje, huyo anakuja. Wakaifunga kamba tena. Niliivunja kwa kifua, nikasimama katikati ya vumbi na mbuzi, nikapiga kelele kwa furaha hadi sauti ikakauka. Nilikuwa wa mwisho, na sijawahi kuwa na furaha kama ile, si kabla wala baada. Yule mama alifika akihema, akanifungua kengele haraka haraka. Mbuzi walikuwa wamechelewa kula, alisema, na kosa lilikuwa langu.

Mwisho wa mwezi nilishuka Lodwar. Mama alikuwa barabarani pale pale na kikapu mapajani. Nikakaa kando yake nikamsimulia yote, tangu mti wa kwanza hadi kamba. Alisikiliza bila kuinua kichwa, vidole vikienda. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu.

"Na lori, lilikuwa wapi?"

"Nyuma ya mbuzi, mama," nikamwambia. "Tupu."

Akakiweka kikapu chini.