Rudisha Kama Zamani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikanyagwa mguu na motokari. Haikuniumiza sana, maana ilikwenda polepole na kiatu cha serikali kilikuwa kigumu kuliko mguu wenyewe. Nasema hili mapema ili ninyi vijana mnaosoma msidhani kwamba niliingia polisi kwa akili nyingi. Nilisimama mbele ya gari ili niangalie taa, na shofeli, yaani dereva, akaachia ferein, yaani breki, kidogo. Komiseri aliyekuwa ananifundisha akaangalia mguu, akaangalia gurudumu, kisha akasema kwa Kiswahili chao cha wazungu: "Bon. Sasa wewe najua polisi hapana simama wapi." Tangu siku ile nasimama ubavuni.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Kwenye karatasi mji ulikuwa na jina la wazungu, mdomoni ulikuwa Kisangani. Mimi nilisoma kwa mapadri mpaka darasa la tano, na Kifaransa changu kilitosha kusoma muhuri na kusalimia. Walikuwako wenzangu walioandika vizuri kuliko mimi. Wengine wamekufa na wengine hawataki, ndiyo maana mnapata maandishi yangu. Mahali nilipokosea, wazee wa mtaa wa Makiso waliobaki wanisahihishe.

Kazi yenyewe iliitwa kontroli. Magari yaliletwa katika uwanja wa polisi, Makiso, karibu na bandari ya mto. Tulipiga honi, tukawasha taa, tukatikisa usukani ili kuona kama unazunguka bure kabla ya magurudumu kugeuka. Kila nati ya gurudumu tuliigonga kwa nyundo ndogo: iliyokazwa inatoa sauti safi, iliyolegea inakohoa. Mwisho tulipima ferein. Chini kulikuwa na mawe mawili yaliyopakwa chokaa. Gari ilikuja na mwendo, shofeli akakanyaga kwenye jiwe la kwanza, na magurudumu ya mbele hayakuruhusiwa kupita la pili.

Gari yenye kosa iliandikiwa avi. Hiyo ni karatasi ya kumwambia mwenye gari: kosa lako ni hili, nenda katengeneze, urudi tuone. Asiporudi, au akirudi na kosa lilelile, tulifungua plaki zenye namba na gari ikakaa nyumbani kwake kama kabati.

Magari mabovu hayakutusumbua. Ubovu unajulikana, unauandika, basi. Waliotuumiza kichwa ni wale waliogeuza magari yao. Mmoja alikata motokari ndogo kwa msumeno nyuma ya kiti cha shofeli ili apakie ndizi. Mwingine mlango wake ulivunjika, akatia mlango wa kabati la nguo, una kioo na ufunguo wake, na kila alipofika alishuka na kuufunga kwa ufunguo. Kulikuwa na kamio, yaani lori, yenye honi iliyotoka katika meli ya mtoni. Iliposikika barabara ya Bengamisa, wamama waliokwenda soko waliacha mizigo wakaingia porini, maana kwa akili ya mtu meli haiji kutoka upande wa shamba la mpunga.

Lakini niseme kwa haki. Watu hawa hawakugeuza magari kwa kucheza. Kipande kimoja cha chuma kilitoka Ulaya kwa meli, kikapanda treni, kikapanda tena meli, na mara nyingi kilipofika kilikuwa cha gari nyingine. Mtu mwenye mizigo hawezi kungoja hivyo. Anakwenda kwa fundi.

Komiseri wa kwanza alilielewa hilo. Alikuwa mnene, anatoka jasho tangu asubuhi, na swali lake lilikuwa moja: inasimama ao haisimame? Ikisimama, aende. Chini yake nilifanya kazi nikiwa na usingizi mzuri. Baadaye nilipelekwa kwenye kizuizi cha barabara ya Bengamisa, chini ya Brigadie mmoja mtu wa Yanonge, aliyezaliwa mtoni na hakuwahi kuamini kitu chenye magurudumu. Alisema kwao mitumbwi haina ferein hata moja na hakuna polisi aliyewahi kuiandikia avi. Alisema hivyo kila siku. Mara ya kwanza nilicheka.

Tuliporudishwa wote wawili Makiso, tulikuta Komiseri mpya. Huyu alikuwa mwembamba, mtu wa sheria, na alikuja na muhuri wake. Ulisema kwa Kifaransa kwamba gari iliyogeuzwa irudishwe katika hali yake ya asili. Tusimhukumu haraka. Alituambia kwamba kule alikotoka, kamio yenye ferein za kuunga ilikatikiwa nazo kwenye mteremko ikiwa imebeba watu, na yeye ndiye aliyewahesabu. Mtu aliyeona hivyo, mimi siwezi kumwambia kitu.

Basi ikawa kazi ya Brigadie kuwaeleza watu maana ya muhuri, kwa sababu wengi hawakusoma Kifaransa. Neno "asili" halikuwa neno la mitaani kwetu. Brigadie akachagua maneno mepesi, akawa anasema kwa kila mtu: "Rudisha kama zamani." Nasi wote tukasema vile. Mpaka leo nimetafuta maneno mengine ambayo yangefaa zaidi, na sijayaona. Pengine mwenye shule nyingi angeyaona.

Ndipo akaja Papa Ramazani.

Papa Ramazani alikuwa mtu wa zile familia za Waislamu zilizofika na biashara tangu wakati wa babu zao. Mzee wa kofia safi, sauti ya chini, akiahidi kitu unaweza kulala. Alikuwa na kamio moja, ya kabla ya vita, aliyoinunua kwa mzungu mwenye shamba upande wa Yanonge. Kwa kamio ile alileta mpunga na mawese kutoka Bengamisa, na nyumba yake yote ilikula hapo: wake wawili, watoto, mama yake mzazi.

Gari ile ilipotoka kiwandani ilikuwa na ferein za kamba. Unakanyaga, kamba ya chuma inavuta, gurudumu linakamatwa. Ila kamba zilikuwa zimechoka tangu kwa yule mzungu. Fundi mmoja, Tonton Shabani, akazitoa akaziweka kando, akatia ferein za mafuta kutoka kamio mpya iliyopata ajali. Nilizipima mwenyewe gari ikiwa imejaa mapipa ya mawese. Ilisimama mbali kabisa na jiwe la pili, imetulia, hakuna pipa lililocheza. Katika gari zote za mwaka ule sikuona iliyosimama vizuri kama ile.

Komiseri mpya akainama chini ya gari.

"Hii nini?"

"Ni ferein, Bwana Komiseri," Papa Ramazani akajibu.

"Hii ya gari ingine."

"Ndiyo, Bwana Komiseri. Ya kwake ilikuwa inakataa kusimama."

Komiseri akapiga muhuri. Papa Ramazani akachukua avi kwa mikono miwili, akamwendea Brigadie na kumuuliza inasema nini. Brigadie akamwambia arudishe kama zamani.

"Kama zamani kabisa?"

"Kabisa, papa. Usibakishe kitu."

Mzee akashukuru akaenda. Na hapa ndipo hasira yangu inapoanzia, maana nikiangalia neno kwa neno, sioni aliyesema uongo. Kwa Komiseri, zamani ilikuwa ile siku gari ilipotoka kiwandani Ulaya, inang'aa, kamba zake mpya. Kwa Papa Ramazani, zamani ilikuwa siku alipoinunua. Yeye gari ile hakuijua ujana wake. Aliijua ikiwa mzee kama yeye.

Alirudi mapema kuliko watu wote tuliowahi kuwaandikia avi. Gari imeoshwa, na yeye amevaa kanzu ya Ijumaa. Komiseri akainama, akaona kamba za chuma mahali pake, uso ukafunguka. Alifurahi sana hata akapanda mwenyewe ndani, akakaa karibu na mzee, ili apime kwa macho yake. Mimi nikasimama ubavuni.

Gari ikaja. Kwenye jiwe la kwanza nilimwona Papa Ramazani akikanyaga, mwili mzima umenyooka. Gari haikusikia. Ikapita jiwe la pili kwa mwendo uleule, ikapita kibanda cha zamu, ikavunja ua wa miti, ikaingia katika shamba la muhogo la wake za polisi. Huko udongo ulikuwa laini, ukaishika. Tukakimbia. Komiseri alikuwa ameketi wima, kofia yake imeruka nje, majani ya muhogo yamemjaa mapajani. Kisha Papa Ramazani, mikono bado iko kwenye usukani, akasema kwa heshima yote:

"Ni vile ilikuwaka zamani, Bwana Komiseri."

Brigadie aligeuka akaangalia mto. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mke wake, ambaye muhogo ulikuwa wake, hakucheka.

Komiseri aliposhuka aliuliza nani amesema habari ya zamani. Brigadie akaeleza. Komiseri akasema zamani ni siku ile gari inatoka fabrike, si siku ingine. Brigadie akamjibu, polepole kama mtu anayepima kina cha maji: "Sawa, Bwana Komiseri. Lakini ile siku, kati yetu hapa, nani alikuwako?"

Nilidhani Brigadie atafungwa. Lakini Komiseri yule alikuwa mtu wa haki. Alisimama akipangusa majani, akafikiri, kisha akasema kwamba kamba mpya ziagizwe Ulaya, na mpaka zifike, mzee arudishe zile ferein za mafuta. Yeye atatia sahihi mwenyewe. Wote tukapumua, isipokuwa Papa Ramazani.

"Hazipo," akasema. "Muliniambia nisibakishe kitu."

Tonton Shabani alikuwa amekwisha kuziuza. Alizinunua mfanyabiashara mmoja wa Makiso, mwenye kamio ya aina ileile ya ile iliyopata ajali. Fundi aliuza kitu kilichotolewa kwa amri ya serikali. Mfanyabiashara alinunua mbele ya watu, na gari yake ilikuwa inazihitaji. Brigadie alikwenda kumsihi azirudishe. Akajibiwa vizuri, akapewa na chai, na ferein zikabaki pale zilipo. Ni nani angemlaumu? Nilijaribu usiku ule, sikuweza.

Komiseri hakuwa na njia. Gari isiyosimama haiwezi kwenda barabarani, na hapo hata Komiseri wa kwanza angesema vilevile. Mimi ndiye niliyetumwa kufungua plaki, nyumbani kwake, familia yote imesimama mlangoni. Skrubu ilikuwa imeshika kutu. Papa Ramazani akaniletea mafuta ya kulainisha.

"Fungua polepole, mutoto yangu. Usiharibu tundu. Nitazirudisha siku kamba zitafika."

Kamba zilifika, baada ya muda mrefu sana. Zilikuwa za gari nyingine.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuuza magurudumu, kisha injini, na mtoto wake mkubwa ameacha shule akabebe mizigo bandarini. Mzee mwenyewe akaomba kazi ya ushofeli. Aliipata kwa yule mfanyabiashara wa Makiso. Kwa hiyo siku moja akaja kontroli akiendesha kamio ya mtu mwingine, na chini ya mguu wake zilikuwa ferein zake mwenyewe. Komiseri akainama, akaangalia. Kwa kamio ile, ferein zile ndizo za asili. Akatingisha kichwa kwamba ni nzuri. Gari ikasimama kama ilivyosimama ile yake, na nikaandika kwamba haina kosa. Haikuwa nalo. Papa Ramazani akachukua karatasi, akanipa mkono, akaondoka kupeleka mpunga wa bwana wake.

Baada ya hapo uhuru ulikuja, wazungu wakaenda, muhuri ukabadilishwa ukaja mwingine, na mimi niliendelea kugonga nati mpaka masikio yalipokataa kusikia iliyolegea. Nikastaafu. Wajukuu wangu wanaendesha pikipiki zilizofungwa kwa waya na mpira, na wakinisikia nikinung'unika wanasema, wakiniita kambo, yaani babu: wewe ni polisi bado. Labda. Ningependa kuwapa fundisho, kama wazee wengine wanavyoandika mwishoni, lakini kila nikilishika linanitoka. Niseme sheria ilikuwa mbaya? Iliwekwa kwa ajili ya waliokufa kwenye mteremko. Niseme mzee angeuliza zaidi? Aliuliza. Brigadie angeeleza zaidi? Alieleza alichoelewa, na alieleza vizuri kuliko mimi. Nimeizungusha habari hii miaka yote, na kila mtu ndani yake alifanya kazi yake, na mwisho wa kazi ya watu wote mtu mmoja alipoteza gari iliyokuwa inasimama.

Nilimwuliza mwenyewe mara moja. Sote wawili tulikuwa tumeacha kazi, tumekutana kwenye kilio cha Brigadie, huko Yanonge. Nikamwambia, papa, nataka kujua kama ulitukasirikia.

"Hasira ilikuwako," akasema. "Ingali iko. Mutu wa kumupa ndiye sikuonaka."