Gari la Kitanda

Wenzake chuoni walimwita Spana, maana hakutoka karakana hata siku moja bila spana mfukoni. Alikuwa msichana wa maneno machache, mwaka wa mwisho wa ufundi mitambo. Ulipofika wakati wa kuchagua mradi, wengine walichukua mashine za kupukuchua mahindi na za kufyatua matofali. Yeye alisema atatengeneza gari dogo la magurudumu matatu, la kuendeshwa kwa mikono tu, miguu isihusike.

Baba yake alikuwa dereva wa lori. Lori lilipinduka, na tangu hapo kuanzia kiunoni kushuka chini akawa kama si yeye. Alishinda dirishani akisikiliza magari ya barabarani. "Hilo breki zimekwisha," alikuwa akisema, na hapana wa kumjibu.

Spana na mwenzake mmoja, kijana mrefu kama mlingoti, waliunda chasisi kwa vyuma vya vitanda vibovu vya bwenini. Chuo kiliwapa injini ya pampu ya maji. Karakana nzima ikacheka. "Hilo gari la kitanda," walisema. "Likiwashinda kwenda, mtalilalia."

Jioni moja alirudi nyumbani na futi kamba, akaanza kumpima baba yake mikono.

"Unanipima nini, mwanangu? Sanda?"

"Nakupimia usukani, baba."

Mzee alijiinua kwa viwiko. Kisha maswali yakamtoka mfululizo: klachi itakaa wapi, mnyororo utakazwaje. "Breki kwanza," alimwambia. "Kwenda, hata jiwe huenda likisukumwa mlimani. Kazi ni kusimama." Kesho yake mama alimsikia akipiga mluzi wakati wa kunyolewa ndevu, akabaki ameduwaa na wembe mkononi.

Siku ya mtihani walimpakia mzee kwenye pikapu wakampeleka chuoni. Alibebwa, akaketishwa, akashika usukani. Gari lilikohoa, likaondoka. Alizunguka uwanja wote, akapotea nyuma ya tangi la maji, akatokea upande wa pili anacheka. Alipoambiwa ashuke alijifanya hasikii.

Spana alifaulu vizuri. Wiki hiyohiyo akaenda kwa mkuu wa idara kuliomba gari.

"Injini ni mali ya chuo," mkuu alisema, macho yake yakiwa mezani. "Na vyuma ni vya bweni. Nikikupa wewe, kesho watakuja wote." Hakuwa mtu mbaya. Alimwahidi kwamba fremu itamsubiri hadi muhula ufunguliwe, aje na injini yake.

Akapata kazi kwenye mashine ya kusaga unga, kufunga mikanda na kupaka grisi. Lakini baba alikuwa ameota vidonda vya kulala, na mshahara ukaishia dukani kwa dawa. Aliporudi chuoni mikono mitupu, akakuta chasisi imekwisha kukatwakatwa kuwa miguu ya madawati. Mkuu alikuwa amesahau kumwambia mtunza stoo.

Nyumbani alisema, "Liko stoo, baba. Wanalipaka rangi."

"Wasiwe na haraka. Rangi ya mbiombio hubanduka."

Uongo ukizaliwa hutaka kulishwa. Kila jioni mzee aliuliza wamefika wapi, na kila jioni Spana akaketi ukingoni mwa kitanda akimpa jipya: leo bluu, kesho wameongeza mstari mweupe. Mzee alibishana naye kuhusu mstari. Huku vidonda vikizidi kuchimba.

Alifariki asubuhi ya mvua, Spana akiwa kazini, unga mpaka kwenye nyusi.

Watu wa matanga walipoondoka, mama alikuwa anaosha vyombo, Spana akivifuta. Akasema bila kugeuka, "Baba yako alijua."

"Alijua nini?"

"Kuwa gari limekatwakatwa. Yule mwenzako mrefu alikuja kumwona, akaropokwa. Zamani hizo."

"Mbona aliendelea kuniuliza?"

"Hata mimi nilimwuliza. Akasema akikwambia anajua, utaacha kuja kukaa naye."

Spana aliendelea kufuta bakuli ambalo lilikuwa limekwisha kukauka. Mama akalitoa bakuli mkononi mwake taratibu, akalipanga kabatini. Asubuhi mwenye mashine ya unga alituma mwito: mkanda umekatika, na watu wamejaa mlangoni na ndoo zao. Akavaa viatu, akaenda.