Zamu ya Ijumaa ya Seth Ackroyd

Seth Ackroyd aliingia mgodini akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili, na alipofika ishirini hakukuwa na winga wa raga aliyemfikia kwa mbio katika miji yote ya makaa ya Yorkshire. Akishika mpira, wachimbaji walisema, "Mfungulieni geti, apite zake."

Vilabu vya kaskazini vilikuwa vimejitenga na mabwana wa London, waliokataa mchezaji afidiwe ujira anaoukosa kwa ajili ya mechi. Lakini wakubwa wa vilabu vyetu nao waliogopa kuambiwa wananunua watu. Wakatunga sheria: mchezaji awe na kazi ya kweli, na akikosa zamu wiki ya mechi, hachezi. Waliruka majivu wakakanyaga moto. Miaka michache baadaye waliifuta wenyewe, bila hata kuona haya.

Jumatano kabla ya fainali ya kombe, paa la mgodi lilimwangukia Amos, mdogo wake Seth. Desturi ya wachimbaji ni moja: akifa mtu, wote huweka sururu chini na kurudi nyumbani. Kwa zamu ya siku hiyo hakuna aliyemlaumu Seth. Taabu ilikuwa mazishi, yaliyopangwa Ijumaa, saa ya zamu.

Alhamisi jioni Bwana Whitlam, katibu wa klabu, alimfuata nyumbani.

"Pole sana, Seth. Ila wapinzani wanatuvizia. Ukikosa kesho, watakata rufaa na kombe limekwenda."

"Ni ndugu yangu, Bwana Whitlam."

"Najua, kijana. Jeneza lina wabebaji sita. Winga ninaye mmoja."

Neno hilo lilimwingia Seth kwa sababu alitaka limwingie. Magoti yalishaanza kumsumbua, na fainali nyingine asingeiona. Ijumaa akashuka mgodini. Nafasi yake kwenye jeneza ilishikwa na jirani, mzee Clegg, mwenye pumu.

Jumamosi aliulaza mpira nyuma ya mstari mara mbili, trai mbili zilizoleta kombe, na mji mzima ukambeba mabegani. Jumapili aliweka medali mezani mbele ya mama yake. Alitaka mama aseme neno, hata la matusi.

Mama aliendelea kumenya viazi. "Si yangu hiyo. Kampe Amos."

"Mama, nisikilize."

"Au hujui alikolazwa?"

Hakujua. Alikwenda makaburini, upande wa maskini wasiowekewa mawe, akakuta matuta mapya matatu yanayofanana. Mchimba kaburi alimtambua, akamvulia kofia.

"Trai ile ya pili, Seth. Nitawasimulia wajukuu zangu."

Seth akamshukuru. Alitaka kumwuliza, lakini aibu ilimziba kinywa. Mzee alipoondoka, alichagua tuta la katikati kwa kubahatisha, akainamisha kichwa.