Nilimfungia Geti Asiache Kazi

Jamani, msinitafutie sababu. Nilikosa mie. Tena nilikosa kwa mikono yangu hii miwili, mbele ya watu.

Nilikuwa na bekari Kimara. Fundi wangu mkuu alikuwa dada mmoja, nitamwita Zuhura, ingawa silo jina lake. Alikuja kwangu hajui hata kukanda unga, nikamfundisha. Akaiva kweli kweli, mpaka wateja wakawa wanamuulizia yeye, siyo mie. Mjinga mie, nikaanza kumwona kama mali yangu!

Siku moja akaniletea barua ya kuacha kazi. Kwa adabu kabisa.

"Shikamoo mama. Nimepata kazi karibu na kwetu, Pugu. Mama yangu anaumwa, nataka niwe naye jirani. Nitamaliza mwezi wa notisi kama mkataba unavyosema."

Nikaichana ile barua pale pale.

"Hapa mtu haachi kazi mpaka mie niseme! Na sijasema."

Hakubishana. Alifanya kazi mwezi mzima, hata kuchelewa hakuchelewa. Mie huku namtukana, nampangia zamu juu ya zamu, nikidhani atakata tamaa abaki. Yeye ni "sawa mama" tu.

Asubuhi ya siku yake ya mwisho, alipomaliza zamu ya usiku, akavua aproni, akaanza kuaga wenzie. Weee! Damu ilinichemka. Nikafunga geti kwa kufuli, ufunguo nikautia kifuani.

"Rudi kwenye oveni."

"Mama, nimemaliza. Naomba unifungulie."

"Nani kakuruhusu?"

"Siombi ruhusa, mama. Nilikupa taarifa."

Nikamzaba kofi. Nikamkamata mtandio, nikauvuta mpaka ukamkaba, nikamkokota ndani hivyo hivyo huku anakohoa. Alipojinasua nikamsukuma kwa nguvu zangu zote. Akapepesuka, akatanguliza mkono wa kulia asianguke, ukatua ndani ya mlango wa oveni uliokuwa wazi.

Ule ukelele, jamani! Na ile harufu!

Na bado sikuacha. Mungu anisamehe, niliokota ule mti wa kutolea mikate, nikampiga nao mgongoni, yuko chini, kaukumbatia mkono wake. Nilimpiga mpaka mti ukavunjika.

Wafanyakazi wangu ndio walionizuia nisiue. Mmoja alinibana ukutani, mwingine akavunja kufuli kwa nyundo. "Mama, umekuwa mnyama wewe!" Wakambeba Zuhura mpaka hospitali. Wote waliacha kazi siku ile ile, na safari hiyo hakuna aliyenipa notisi.

Kwenye kituo cha polisi nikawa bado najitetea. Eti sikumkubalia kuondoka! Askari mmoja wa kike akanitazama.

"Mama, notisi ni ya kukujulisha, siyo ya kukuomba. Wewe kazi yako ilikuwa moja tu, kutafuta fundi mwingine."



Kesi ipo mahakamani mpaka leo, mie niko nje kwa dhamana. Bekari imefungwa. Binti yangu kahamia kwa shangazi yake, anasema ananiogopa. Ananiogopa mie, mama yake mzazi!

Nilienda Pugu kuomba radhi. Zuhura alifungua mlango kwa mkono wa kushoto, wa kulia vidole vimekakamaa kama kucha za kuku. Hakuniamkia. Nikapiga magoti pale kizingitini, nikalia, nikasema yote.

Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ile kazi walinisubiri, wakachoka," akasema. "Na mama alifariki mie nikiwa wodini."

Basi. Akafunga mlango, taratibu tu.

Nyie wenye biashara, nawasihi. Umemfundisha, umemlisha, sawa, lakini hukumnunua. Akikwambia anaondoka, roho itauma, itauma sana, iache iume. Mlipe haki yake, mfungulie geti, mpe mkono wa kwaheri.

Mie mkono wa kuniaga niliuchoma.