Maabara ya Kungoja Mgeni

Mara ya kwanza tulimenya magunia mawili ya viazi. Tulikuwa akina mama kumi hivi nyuma ya jiko la shule, na mimi katikati yao, msichana wa miaka ishirini na nne ambaye hata mtoto sina, nikiitwa "mzazi" kama wao. Nimezoea. Wazazi wetu walipofariki nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule nikashika jembe, na tangu hapo mimi ndiye mzazi. Aliyebaki shuleni sasa ni kitinda mimba wetu, yuko kidato cha nne katika shule hiyo ya kutwa hapa Kibirichia. Anataka kuwa nesi. Bila kemia hakuna unesi; hilo hata mimi na kidato changu cha pili nalijua.

Viazi vile vilikuwa vya kumkaribisha mheshimiwa aje kufungua maabara mpya. Serikali ilikuwa imeleta pesa, na safari hii zilionekana kwa macho: mabati ya buluu, meza za vigae, mifereji inayotoa maji kweli, stuli zikiwa bado ndani ya nailoni zake. Mheshimiwa hakuja. Viazi tuliviponda mukimo tukala wenyewe, hema likakunjwa, mlango ukatiwa kufuli. Huo ulikuwa mwezi wa pili.

Mwezi wa tano tulimenya tena. Hakuja tena.

Muda huo wote mdogo wangu alisomea kemia kwenye ubao. Vifaa vya zamani vilikuwa vimehamishiwa ndani ya maabara mpya, vikafungiwa humo. Mwalimu alichora kwa chaki bureti, ule mrija wa kioo wenye koki ya kudondoshea asidi, akawaambia, "Sasa fikirieni rangi imekuwa waridi." Wakafikiria. Mtihani wa majaribio ulipokuja, waliazima vifaa shule ya jirani, na yeye akapata D.

"Nilifungua ikamwagika yote," aliniambia, akiangalia chini. "Nilikuwa sijawahi kuishika, dada."

Nilienda kwenye mkutano wa wazazi nikiwa na neno hilo kooni. Mwenyekiti wa bodi, mzee mstaarabu asiyevua koti hata kwa jua, alitangaza kwamba mheshimiwa ameahidi mwezi wa tisa, kwa hivyo akina mama wajiandae na viazi. Nikasimama.

"Mwenyekiti, watoto wataingia lini?"

"Ikishafunguliwa, mzazi."

"Ufunguo si huo uko mfukoni mwako?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Kairitu," akaniita, yaani msichana, "kitu cha mgeni hakiguswi kabla ya mgeni. Kwani kwenu hamna vyombo vya wageni?"

Nikakaa. Alikuwa amenipata. Kwenye kabati letu kuna vikombe sita vyenye ukingo wa dhahabu, ambavyo mama alinunua akavifungia kusubiri wageni. Hakuwahi kunywea hata kimoja. Vilitolewa siku ya mazishi yake, waombolezaji wakavinywea chai, nikaviosha na kuvirudisha palepale. Miaka yote hii nimevipangusa vumbi tu. Hasira niliyokuwa nayo kwa yule mzee ikanigeukia, na hilo likanichosha zaidi.

Nikasimama tena. "Basi viazi vyangu hamtapata."

Mama aliyekaa kando yangu akasema bila kuinuka, "Na vyangu pia."

"Mheshimiwa atakula stuli," akaongezea mwingine kutoka nyuma. "Nailoni atoe mwenyewe."

Kicheko kilipoisha, mwenyekiti alikuwa ameshatoa ufunguo. Lakini akaweka masharti: kidato cha nne peke yao, tena wavue viatu, sakafu isichafuke.

Mwalimu wa kemia akakohoa. "Mwenyekiti, humo ndani kuna asidi."

"Basi wavae soksi."

Sikujua nicheke au nilie. Asubuhi iliyofuata nilibeba magunia kumi na manne ya viazi, matupu, yaliyofuliwa, nikayatandika kutoka mlangoni hadi kwenye meza. Wakaingia na viatu vyao.

Sokoni watu hubishana kila siku kama pesa zikiongezwa shuleni watoto hupita. Juzi mnunuzi mmoja wa viazi aliniambia, "Si mliletewa maabara? Na alama ziko palepale. Pesa ni bure tu." Nilimwambia pesa zetu zilikaa miezi sita zikiwa zimevaa nailoni, asubiri zivue kwanza.

Siku ile ya kwanza ya kuingia maabara mdogo wangu alirudi nyumbani na madoa ya kahawia vidoleni. Hakutaka kunawa.

"Inageuka kwa tone moja, dada. Moja tu. Ukizidisha umeharibu."

"Mtaingia mara ngapi kwa wiki?"

"Mara mbili. Kama mwenyekiti hajasafiri na ufunguo."

Nikahesabu wiki zilizobaki kabla ya mtihani na hazikunifurahisha. Nikafungua kabati, nikatoa kikombe kimoja cha mama, nikammiminia chai. Alikiangalia, kisha akaangalia mlango.

"Nani anakuja?"

"Hakuna anayekuja. Kunywa, urudi kwa vitabu."