Jumamosi Niliyompeleka Kula na Baba

Baba yangu hakuwa mtu wa kumhoji mchumba wa bintiye sebuleni. Alikuwa anampeleka kula. Ukimwambia umepata mtu, anakohoa kidogo, anauliza kama huyo mtu ana nafasi Jumamosi, basi mazungumzo yameisha. Jumamosi mnakutana mtaani kwake Shauri Moyo, mnazunguka naye kwenye vibanda vyake vyote vya kawaida, na mkiachana unapewa jibu. Mama alimuuliza mara nyingi kwa nini asiketi na watu kwenye kochi kama wazazi wengine. Baba akasema nyumbani mtu anakula kwa heshima ya mwenye nyumba, lakini hotelini anakula kwa njaa yake. Mama akamwambia hizo ni sababu za mtu anayetaka kutoka nyumbani akale supu.

Wa kwanza niliyempeleka alianguka. Alikuwa kijana mtanashati, mwenye kazi nzuri, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuchagua rangi za vitenge. Walipoachana, baba alinisindikiza hadi stejini ya matatu, kisha akasema, "Mama, yule anakula kama mtu ameiba." Baba huniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Nilinuna wiki nzima. Lakini nilipoketi tena na yule kijana mezani, nilimwona akiinamia sahani, mkono mmoja umeizunguka, macho yanapepesa kwa majirani, na chakula changu kikanishinda. Hatukufika mbali.

Kwa hiyo huyu wa pili alipokuja, nilimficha. Huyu nilimpenda kweli, si kwa vitenge. Nilijua baba akimkataa nitashindwa kumpinga, na nilijua pia nitashindwa kumwacha huyu. Nilimficha hadi mama akanigundua, mama akasema, na baba akakohoa.

Niseme kwanza kuhusu hivi vibanda, kwa sababu kuna watu wanaoishi Nairobi hii hii na wanakwambia upande wetu hakuna mahali pa kula. Mimi huwakasirikia waziwazi. Siku hizi naishi Tassia, ambapo ghorofa zimesongamana hadi jirani akikaanga vitunguu unajua na kama ameviunguza, na hata hapo chini ya ngazi yupo mama wa chapati na maharagwe ambaye ningemshindanisha na hoteli yoyote ya mjini yenye vitambaa mezani. Lakini nyumbani ni Shauri Moyo. Baba na mama walitoka magharibi, upande wa ziwa, wakiwa vijana, baba akapata kazi ya kiwanda, na mimi nilikulia kwenye nyumba za kaunsili, zile za kuta nene ambazo joto la mchana lilikaa ndani hadi tunapoenda kulala. Kiwanda kilimstaafisha baba. Shauri Moyo haikumstaafisha, na hakuna aliyeweza kumhamisha.

Mpenzi wangu alikuwa wa Buruburu. Hapo nilimtania sana, kwa sababu tulipokuwa watoto Buruburu ndiyo ilikuwa matembezi yetu. Jumapili baada ya kanisa, tukiwa bado na soksi nyeupe, tulifuata barabara ya Jogoo kwa miguu hadi kule, tukapita nyumba za watu tukitazama mageti na maua, kisha baba akatununulia chipsi zilizofungwa kwenye karatasi, zinazotoa mafuta hadi kiganjani. Tulizila tukitembea polepole ili zisiishe kabla hatujafika Makongeni. Nilipomwambia hivyo alicheka hadi akashika ukuta. Kumbe miaka hiyo yote mimi nilikuja kutalii kwao, na yeye alikuwa nyuma ya geti lile lile akilazimishwa kumaliza muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Wazazi wake ni Wakamba, babake alikuwa karani wa serikali, na kwao chakula kilikuwa muthokoi, chapati na nyama ya ng'ombe. Hayo ya muthokoi niliyasikia nikacheka tu. Sikuyafikiria zaidi, na hapo ndipo nilipokosea.

Jumamosi yenyewe tulianza na chai. Baba hunywa chai kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba za zamani, mahali ambapo maziwa na majani ya chai huchemshwa pamoja tangu alfajiri hadi rangi inakuwa ya matofali, na mandazi yanatoka kwenye mafuta yakiwa bado yanalalamika. Mabenchi ni marefu na unakaa unapopata nafasi. Mbele yetu aliketi mtu wa mkokoteni, jasho limemkauka shingoni, akingoja chai yake. Mandazi yetu yalipofika, mpenzi wangu akayasukuma katikati ya meza na kumwambia yule mtu, "Karibu, mzee." Yule mtu akajibu inavyopaswa, "Asante, endelea tu," na hakugusa. Ni adabu ndogo sana. Upande wetu huli mbele ya mtu bila kumkaribisha, hata kama humjui, naye hakubali ila ukimsisitiza. Nilimtazama baba kwa jicho la pembeni. Alikuwa anapuliza chai yake.

Kutoka hapo tulikwenda Burma, kwenye safu ya mabucha. Ningeweza kuandika kitabu kizima juu ya Burma na nisiwe nimesema uongo. Nyama inaning'inia mbele yako, unachagua mwenyewe, unaonyesha kwa kidole, inakatwa, na moshi wa jiko unakuingia kwenye nguo hadi mtu uliyemwacha nyumbani anajua ulikokuwa. Sisi siku hiyo tulikunywa supu tu na kutafuna kipande cha mbavu, chumvi ikiwa imemwagwa fungu dogo pembeni ya ubao. Kwa nyama, mpenzi wangu alikuwa fundi. Alizungumza na mwenye bucha kuhusu mbavu kama wanaozungumza habari za ndugu, akasafisha mfupa wake ukabaki mweupe, na akamwachia baba kipande chenye mafuta bila kujionyesha. Baba akauliza kazi yake ni gani. Akajibu ni karani kwenye kampuni ya mizigo. Baba akaitikia kwa kichwa na kurudi kwenye supu. Nilianza kupumua.

Kisha baba akasimama, akajipangusa, akasema, "Sasa twende tukale."

Tulipita katikati ya Gikomba kwa miguu. Mafundi wa masanduku walikuwa wakigonga mabati, wauza mitumba wamepanda juu ya meza wakiimba bei, na baba akitangulia na mikono mgongoni, akisalimiwa kila hatua. Nilifurahi kumwona akitembea hivyo. Kiwandani alikuwa mtu wa mashine moja kwa miaka yake yote, lakini huku kila fundi na kila muuzaji alimjua. Mpenzi wangu aliniuliza kwa sauti ya chini mambo yanaendaje. Nikamwambia ale tu kama kawaida yake. Huo ndio ushauri mbaya zaidi niliowahi kumpa mtu.

Hoteli ya mwisho ilikuwa ya samaki. Mwenyewe ni mama mmoja mnene, mtaratibu, aliyelelewa kando ya ziwa, na samaki wake ni wale wanaokaangwa kwanza halafu wanachemshwa kwenye nyanya na dania hadi mchuzi unakuwa mzito. Pembeni analeta ugali mgumu, wa kushikika, na mboga ya mrenda inayovutika. Sijala samaki mwingine kama huyo, na nimejaribu sana. Baba aliagiza mzima, na kichwa chake. Mimi nikaagiza mkia. Mama yule akamgeukia mpenzi wangu.

"Kama ya mzee," mpenzi wangu akasema.

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Nilikuwa nimekumbuka muthokoi. Tulikuwa tumekula pamoja mara nyingi, maharagwe, ndengu, nyama, chipsi, na ghafla nikatambua sijawahi kumwona akila samaki hata mara moja. Yeye akanitabasamia, akidhani nimemkanyaga kwa mapenzi.

Mtu wa kwetu akiletewa samaki hamshambulii. Anamfungua mgongoni, anainua nyama kwa vidole, anaisikia ulimini kabla ya kumeza, na kichwa anakiacha cha mwisho kwa sababu ndicho kitamu. Mpenzi wangu alimkata samaki wake katikati kama chapati. Akachukua tonge kubwa, akalibandika kipande cha tumboni, pale penye miiba mingi, akameza. Akasema, "Samaki huyu ni mtamu sana." Kisha macho yakaanza kumjaa maji.

Alijaribu kuendelea. Hicho ndicho kilichoniuma zaidi, alivyokaa wima na kujaribu kutabasamu huku shingo imemkakamaa. Akanywa maji, akakohoa, akanywa tena. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Watu wa meza ya pili waliacha kula. Mwenye hoteli alisogea, akamtazama mara moja na kusema, "Ni mwiba huo."

Baba alikuwa ameshasimama. Alikata kipande kikubwa cha ugali, akakifinyanga kikawa tonge la duara, akalichovya kwenye mrenda likateleza. Alizunguka meza, akamshika kidevu yule mwanamume mzima mwenye kazi ya ofisi.

"Fungua mdomo," akasema. "Usitafune. Meza hivyo hivyo."

Tonge la kwanza halikusaidia. Baba akafinyanga lingine kubwa zaidi, akamlisha tena kwa mkono wake, na hoteli nzima ikawa inatazama koo la mpenzi wangu. Likapita. Akafumba macho, akapumua, akajishika shingoni kuhakikisha, kisha akasema asante kwa sauti iliyokwaruza. Meza ya pili wakarudi kwenye chakula chao.

Baba akarudi kukaa. Hakucheka. Ningefurahi sana kama angecheka.

"Umewahi kula samaki wewe?"

"Bado, mzee."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Kwetu hawapikwi."

"Sasa mbona umeagiza mzima?"

Mpenzi wangu alinitazama, halafu akaacha kunitazama. "Niliogopa kukwambia sijui," akasema. "Nilijua leo unaniangalia."

Nikahesabu tumekwisha. Kama kuna kitu baba hakuweza kukivumilia ni mtu wa kujifanya. Kiwandani aliwahi kugombana na msimamizi aliyejifanya anaijua mashine, na hadithi hiyo tuliisikia nyumbani hadi mama akaipiga marufuku wakati wa chakula. Nilianza kutafuta maneno ya kumtetea mpenzi wangu, nikitaka kusema kwamba kosa ni langu, kwamba sikumwonya. Baba alinyoosha mkono na kuivuta sahani ya samaki kutoka mbele ya mpenzi wangu. Nikajua anaiondoa, kwamba ndiyo imeisha, na nikaanza kumchukia baba yangu pale pale, kwa mara ya kwanza maishani.

Aliiweka mbele yake. Akamfungua yule samaki mgongoni, akautoa uti wote wa mgongo na kuuweka kando. Halafu akaanza kuichambua nyama kwa vidole vyake vinene, taratibu, akipapasa kila kipande, miiba midogo akiipangusa kwenye ukingo wa sahani. Kila kipande alichomaliza alikiweka upande wa ugali wa mpenzi wangu. Alikuwa akitufanyia hivyo sisi watoto wake tulipokuwa wadogo, hadi kila mmoja alipojua kujitegemea, na tangu hapo sikuwahi kumwona akimchambulia mtu mwingine samaki, hata mama. Mpenzi wangu hakujua anachokiona. Aliketi tu, mikono magotini, aibu imemjaa, akingoja kufukuzwa.

Mwenye hoteli alirudi na kitambaa chake begani. Alimhurumia. "Mzee," akasema, "huyu mgeni wako si nimpikie tu nyama?"

Baba hakuinua macho kutoka kwenye samaki.

"Nyama ni ya mgeni," akasema. "Huyu mletee ugali mwingine."

Yule mama akanitazama mimi, akaelewa, akaenda jikoni bila haraka. Mpenzi wangu akanong'ona kuniuliza baba amesema nini, kana kwamba hakuyasikia maneno. Nikasema naenda kunawa mikono, ingawa mkia wangu ulikuwa haujafika nusu. Nilisimama nje kwenye pipa la maji, nimewapa mgongo, mfereji ukimwagika bure juu ya vidole vyangu, nikalia hadi mwanamume aliyekuwa akingoja nyuma yangu akaniuliza, kwa upole, kama ni pilipili.

Nikamwambia ni pilipili.