Mtoto Asiyelia

Tangu kichanga Jemadari arudi kutoka hospitali, na mshono wa upasuaji wa moyo kifuani, nyumba nzima ilitembea kwa kunyata. Bibi yake alipiga marufuku kilio.

"Akilia, mshono utafumuka. Nani ataushona, wewe na cherehani yako?" alimwambia mama mtu.

Basi redio ikanyamaza, na mama akahamishia cherehani kibarazani. Amri ikatiiwa kupita kiasi: mtoto hakulia kwa njaa, wala kwa kulowa. Alilala mpaka maziwa yakamvuja mama kifuani, ikabidi amtekenye nyayo ili anyonye. Akivuta kidogo tu, macho yanajifumba.

"Huyu ana adabu," bibi alijisifu. "Hakumfuata baba yake."

Mama alicheka, huku akimpapasa mtoto. Vidole vyake, vilivyozoea kukijua kitambaa kwa kukigusa, viliona ngozi ya mwanawe imekauka, na miguu ni ya baridi hata juani. Uso ulivimba, watu wakasema kanenepa. Aanzeje kulalamika? Mwanawe katolewa mdomoni mwa kifo, naye anataka kelele?

Asubuhi moja alimfinya paja kwa makusudi. Jemadari alikunja mdomo, ikatoka sauti nzito ya kukwaruza, ikafa hapo hapo. Mama akaiacha sare ya watu chini ya sindano, akambeba.

"Unampeleka wapi? Unatafuta ugonjwa kwa tochi?" bibi aliuliza.

"Nautafuta, mama. Nikiukosa nitashukuru."

Kliniki, daktari alisikiliza kifua, akasema moyo mzuri. Mama aliona haya, nusura ainuke. Kisha akayasema yote, hata lile la kufinya. Daktari akaweka kalamu chini, akampapasa mtoto shingo, akaagiza damu ipimwe.

Majibu yakaja: tezi ya shingoni imezubaa, homoni yake iko chini.

"Huwatokea baadhi ya wachanga baada ya upasuaji," daktari alisema. "Bila homoni hiyo mwili hauchangamki, na ubongo haukui vizuri. Afadhali umemleta."

"Nimechelewa?"

Daktari hakutaka kumdanganya. "Aanze dawa leo. Tutampima tena."

Nyumbani, bibi alisikiliza habari hiyo, akakaa kitako sakafuni. "Na mimi nilikuwa namsifu."

Mama alisaga kidonge, akakikoroga na maziwa yake kijikoni. Akamnywesha mtoto. Nusu ilimwagika kidevuni. Akaizoa kwa kidole, akairudisha mdomoni, asijue kama iliyoingia inatosha.

"Niachie kijiko," bibi alisema, akijisogeza. "Wewe mshike kichwa."